Namba Zilizotulia Mno

Wasichana wa kidato cha pili walimwita Mwalimu Kwanini, na jina lilimkaa kama nguo iliyoshonwa kwa vipimo vyake. Ukimletea jibu, anakurudishia swali. Ukimletea swali, anataka kujua kwa nini umeliuliza. Alikuwa bado kijana, stashahada yake ya ualimu haijapata hata vumbi, na alifundisha Baiolojia katika maabara yenye meza sita, viti vya kuyumba na bomba moja linalokohoa kabla ya kutema maji.

Muhula ule alianza na mada aliyoipenda kuliko zote: jinsi mwili unavyojilinda usivuke mipaka yake. Hakufungua kitabu. Aliwaambia washikane vifundo vya mikono, wautafute mshipa chini ya kidole gumba, wahesabu mapigo ya moyo. Kisha, kabla ya kuwaruhusu watoke nje kuruka kamba, akamtaka kila mmoja aseme anatarajia nini. Mapigo yatapanda? Yakipanda, yatashuka? Msichana mmoja akasema yeye hatarajii kitu, anasubiri aone. Mwalimu akamwambia kwamba anayesubiri aone bila kubashiri ni mtazamaji wa mpira, si mwanasayansi.

Hiyo ndiyo njia aliyowapigia kelele tangu wiki ya kwanza. Unaona jambo, unajiuliza, unabashiri, unapima, unapima tena. Ukitaka kujua kinacholeta badiliko, badilisha kitu kimoja, vingine viache vilivyo. Na uwe na namba ya kabla, maana bila namba ya kabla, namba ya baada ni porojo. Namba ikiukataa ubashiri wako, usigombane na namba.

Wasichana walirudi wanahema kama wametoroka mbwa. Mapigo yalikuwa yamepaa. Wakakaa, yakashuka, yakapitiliza kidogo, yakapanda tena, mwishowe yakatua karibu na pale yalipoanzia. Akawaambia mwili ni kama mpanda baiskeli. Ukimwona kwa mbali unadhani amenyooka kama rula, lakini msogelee: usukani unacheza, kushoto kidogo, kulia kidogo, muda wote. Siku usukani ukiacha kucheza, mwenye baiskeli mkamtafute mtaroni.

Imani hii ya vipimo hakuiokota chuoni. Alilelewa na fundi saa. Mtaa mzima ulimwita baba yake Fundi Dakika, na kibanda chake kilikuwa na meza ndogo, taa ya shingo ndefu na makopo ya vipuri visivyozidi punje ya mtama. Mama wa mwalimu alipofariki, mtoto akawa anatoka shule anakwenda kukaa chini ya meza ile, anamtazama baba na lenzi yake jichoni, akifungua moyo wa saa bila kuutikisa. Mteja akija na kulalamika kwamba saa yake iko sawa, ila dunia ndiyo inachelewa, Fundi Dakika hakubishana. Aliiweka kando ya saa nyingine anayoiamini na kumwachia mteja ajionee. Kwa mwalimu, hakukuwa na mtu mkweli zaidi ya huyo chini ya jua.

Sasa mtu huyo alikuwa na kisukari. Katika mwili wenye afya, sukari hupanda baada ya kula, kisha insulini, homoni inayotoka kwenye kongosho, huifungulia milango iingie kwenye chembe za mwili, nayo ikashuka. Kwa Fundi Dakika, bawabu wa milango hiyo alikuwa amezeeka na kuanza kusinzia kazini. Alipewa vidonge na masharti ya chakula. Binti yake akamnunulia mashine ndogo ya kupimia, ile ya kuchoma kidole na kuweka tone la damu kwenye stripu, kile kipande chembamba cha kupimia. Wakakubaliana kwamba kila asubuhi, kabla ya kutia kitu mdomoni, baba atapima na kumwonyesha.

Baba aliweka sharti moja tu: atapimia chumbani kwake. Alisema yeye si mtoto wa kliniki wa kuchomwa hadharani. Binti akaona ni haki yake. Mzee aliyezoea kufungua vitu vya watu kwa mikono yake hapendi kufunguliwa. Basi kila asubuhi mlango wa chumbani ulifunguliwa, baba akatoka na mashine kiganjani kama aliyebeba kifaranga, akaisogeza mbele ya macho ya binti. Tano nukta moja. Tano nukta tatu. Nne nukta tisa. Namba za kijana. Mwalimu akaenda shule akiwa mwepesi, akifundisha kwa furaha ya mtu ambaye nyumbani kwake mambo yamenyooka.

Katika chumba kile alilala pia mama mdogo, mke ambaye baba alimwoa baada ya miaka mingi ya ujane. Alikuwa anapiga pasi kwenye duka la dobi, mwanamke mrefu, mkimya, mwenye kunukia mvuke na wanga wa mashati. Mwalimu hakumchukia. Alimstahi kama unavyomstahi mgeni wa mtu mwingine: shikamoo asubuhi, pole na kazi jioni, na katikati hakuna kitu.

Siku ya kliniki, tabibu aliagiza kipimo kikubwa, kile kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi mitatu iliyopita. Aliwaeleza kwamba mashine ya nyumbani ni mtu anayechungulia dirishani mara moja na kupita, lakini hiki ni mpangaji aliyekaa ndani ya nyumba muda wote. Majibu yalipotoka, uso wa tabibu ulikunjamana. Mpangaji alikuwa ameona makubwa. Sukari ilikuwa juu, na si ya juzi wala jana. Akasema kwamba kama namba za asubuhi ni nzuri kiasi hicho, basi labda sukari inapanda mchana na usiku, baada ya kula. Kisha akauliza ni nani anayempikia mzee.

Baba alitazama sakafu. Binti ndiye aliyejibu.

"Mke wake."

Neno lilitoka jepesi, kama mtu anayetaja saa. Lakini lilipofika nyumbani lilikuwa limeota miguu. Dada mkubwa wa baba, ambaye ukoo mzima ulimwita Hakimu kwa sababu hakuna ugomvi aliouacha bila kuukatia hukumu, alifika jioni ile ile akiwa na mkoba wake mweusi na pumzi fupi. Aliwakalisha wote sebuleni. Akasema alishasema. Akasema mwanamke anayeolewa na mzee mwenye nyumba lazima utazame mikono yake. Akasema kikulacho ki nguoni mwako, na kama nguo ina kunguni, inafuliwa au inatupwa.

Mama mdogo alisikiliza mpaka mwisho. Alimgeukia mumewe. Fundi Dakika alikuwa amejibandika lenzi jichoni, ameinamia saa ya mteja pale pale sebuleni, anakaza skrubu ambayo pengine haikuwa imelegea.

"Mimi siweki sukari kwenye chakula chake, wifi," mama mdogo akasema.

"Basi inaingilia dirishani," Hakimu akajibu.

Mwalimu aliingilia kati, na moyoni alijiona mtu wa haki. Alisema wasihukumu kwa maneno, wapime. Apewe jiko wiki moja. Yeye mwenyewe atapika, kitu hicho kimoja tu kibadilike, na baba apime pia saa mbili baada ya chakula cha jioni. Hakimu akakubali, na akaliweka wazi lililokuwa likingojea upande wa pili: Jumamosi watakaa tena. Ikionekana chakula ndicho kilichokuwa kinamuua mdogo wake, basi wifi yake atafunga mizigo arudi kwao. Mama mdogo alimtazama tena mumewe. Skrubu bado ilikuwa inakazwa.

Kwa hiyo mwalimu akaingia jikoni. Aliazima mizani ya maabara, akapima wali, akapima maharage, akapima hata mafuta. Mama mdogo alikuwa akirudi kutoka kwa dobi anakaa kwenye kigoda karibu na karo, mikono mapajani, kama mtu aliyefika kwenye msiba asioujua. Alikula alichopewa, akaosha sahani yake, akashukuru. Mara moja alinyoosha mkono kuipunguzia moto sufuria iliyokuwa ikifoka, mwalimu akamwahi kwa upole, akamwambia asihangaike. Upole ule ulikuwa mbaya kuliko kofi, lakini aliyeutoa hakulijua hilo.

Jioni ya kwanza baba alitoka chumbani na mashine: sita nukta moja. Ya pili: tano nukta tisa. Mwalimu aliona kama amepewa zawadi. Akampigia shangazi yake simu kwamba chakula kimebadilika na sukari baada ya kula imekaa vizuri. Hakimu akasema hayo ndiyo aliyoyajua tangu mwanzo, na kwamba Jumamosi atakuja na gari la kubeba mizigo kabisa.

Katika wiki hiyo baba aliugua mafua mabaya. Aliamka na homa, macho mekundu, kifua kinakoroma kama redio iliyokosa stesheni. Lakini sukari yake, kila asubuhi, ilibaki pale pale kwenye tano na pointi zake. Binti alifurahi hata kwa hilo.

Alhamisi wasichana walileta majibu ya zoezi la joto la mwili. Kila meza ilipewa kipimajoto kimoja, na kila msichana alitakiwa apime joto lake kwapani kila asubuhi. Meza tano zilileta namba zilizochangamka, huyu juu kidogo, yule chini kidogo. Meza ya dirishani ilileta baraka za ajabu: wote, siku zote, thelathini na sita nukta nane. Na pale pale mezani aliketi msichana amejifunga sweta mpaka kidevuni, anapiga chafya, midomo imekauka. Mwalimu akamgusa paji la uso. Mkono ukaungua.

"Hii namba uliyoniletea ni ya nani?"

Msichana alitazama wenzake, kisha akaona hakuna pa kukimbilia. Alisema kipimajoto kilikuwa na foleni, kwa hiyo walikuwa wanapima mmoja aliye mzima, wengine wanaazima namba yake. Akaongeza kwamba si wizi, mwalimu, ni ushirika. Darasa zima likaangua kicheko.

Mwalimu alifungua mdomo awatolee somo la uaminifu wa data. Alianza hata kulitoa. Alisema mwili unaoumwa haunyamazi, ukivamiwa na ugonjwa lazima namba zipande, na kwa hiyo namba iliyotulia kwenye mwili usiotulia ni ya mtu mwingine. Alipofika kwenye neno hilo, chaki ilibaki hewani. Aliwaambia warudie zoezi, akakaa kwenye kiti cha kuyumba, akasikia mapigo yake mwenyewe bila kuhitaji kushika kifundo cha mkono.

Mwili ukipigana na homa, sukari ya mgonjwa wa kisukari hupanda. Hilo alikuwa amelifundisha mwenyewe.

Kitu kingine kikaja nyuma yake, kikimdhihaki. Zile namba za jioni zilizomfurahisha, namba yake ya kabla ilikuwa wapi? Hakuna aliyewahi kumpima baba baada ya chakula wakati mama mdogo anapika. Alikuwa amesimama mbele ya shangazi yake na namba ya baada peke yake. Msichana wa kidato cha pili angemfanyia hivyo, angempa sifuri na kumwambia ni porojo.

Hata hivyo alifuata njia. Ubashiri wa kwanza: mashine ni mbovu. Jioni ile aliichukua, akapita nayo duka la dawa, akajipima kwa mashine ya baba na kwa ya dukani, kidole kimoja, damu moja. Zilikubaliana. Stripu nazo hazikuwa zimepitwa na muda. Kitu kimoja kimoja alikiondoa mezani, mpaka mezani kukabaki kitu kimoja tu, nacho hakutaka kukiita kwa jina. Alijiambia kwamba hata saa nzuri husimama. Alijiambia baba yake hawezi.

Ijumaa asubuhi alipasha maji ya chai, akayaweka kwenye sinia, akaenda moja kwa moja mpaka mlango wa chumba cha baba. Hakupiga hodi. Aliusukuma kwa kiwiko.

Walikuwa wameketi ukingoni mwa kitanda, magoti yameelekeana. Taa ya shingo ndefu ilikuwa imewashwa. Mkono wa mama mdogo ulikuwa umelala chali, kiganja wazi, juu ya goti la mumewe. Fundi Dakika alikuwa na lenzi jichoni na sindano mkononi, amekishika kidole cha mkewe kwa utaratibu ule ule aliokuwa akishikia moyo wa saa. Tone la damu lilikuwa limeshachomoza. Mashine ilikuwa pembeni, inangoja.

Baba aliinua uso, jicho moja la kawaida, jicho moja la kioo.

"Hukupiga hodi," alisema.

Mwalimu aliweka sinia sakafuni. Alichukua sindano mpya, akauchukua mkono wa baba yake, na baba akauacha uende. Tone lilitoka. Walisubiri wote watatu. Kumi na saba nukta nane.

Kisha akaugeuza mkono wa mama mdogo. Pembeni mwa kila ncha ya kidole kulikuwa na vidoti vyeusi, vingine vimekauka, vingine bado vibichi. Alikuwa ameviona vidoti hivyo mezani wakati wa kula, akadhani ni michomo ya pini za mashati ya watu.

Baba alieleza, na alieleza vizuri, maana hakuwa mtu wa maneno ya kubabaisha. Vidonge vilimchafua tumbo, akaviacha. Kibandani alikunywa soda, moja asubuhi, moja alasiri, na chai ya sukari vijiko visivyohesabika, kwa sababu mtu akiwa peke yake na saa za watu mchana kutwa lazima apate kitu cha kumliwaza. Aliogopa sindano za insulini. Alishaona jirani yake kazini, fundi viatu, akianza sindano na muda mfupi baadaye akakatwa mguu, na hakuna aliyeweza kumshawishi kwamba sindano hazikuukata. Akamwomba mkewe kidole kwa siku moja tu, siku ambayo alijua namba itakuwa mbaya. Binti alivyoiona namba ile akatabasamu mpaka mlangoni. Kesho yake ikawa vigumu kumletea nyingine.

"Ulikuwa unatoka humu una uso mkunjufu," baba akasema. "Nani angetaka kukuharibia siku?"

"Na jioni ile shangazi alipokuwa anamhukumu?"

Baba aliitoa lenzi jichoni, akaifuta kwa shati. "Nilijua utagundua mwenyewe. Wewe ni mtu wa vipimo."

Hapo ndipo mwalimu alipoumia hasa. Si uongo uliomchoma, maana hata mwoga hudanganya. Ni kwamba aliachwa aende jikoni na mizani yake, aende kwenye simu kwa shangazi, amkalishe mwanamke huyu karibu na karo kama mwizi, na muda wote huo mtu aliyemfundisha kupima alikuwa amekaa anatazama kipimo kibaya kikifanya kazi. Tena kila jioni ya wiki ile, aliyetolewa jikoni kwa kosa la kumdhuru mumewe alikuwa ananyoosha kidole chake ili mumewe asiumbuke.

Baba aliomba yabaki ndani ya chumba. Kesho, shangazi akifika, atasema mwenyewe. Alitoa neno lake.

Mama mdogo alikuwa anajifunga kitambaa kidoleni. "Kwangu pia alisema atasema," alisema polepole. "Ile jioni wifi alipokuja kunihukumu."

Jumamosi Hakimu aliketi kwenye kiti kikubwa, mkoba mapajani. Nje gari la mizigo lilikuwa limeegeshwa, dereva anasinzia na mguu dirishani. Mwalimu alisimama karibu na mlango. Alikuwa amejibashiria, kwa mazoea tu: baba atasema kweli. Ataona aibu, atakohoa, lakini atasema.

Fundi Dakika alikohoa. Akasema ni kweli kumekuwa na jambo. Akasema damu iliyokuwa ikipimwa haikuwa yake. Shangazi akaachama. Baba akaendelea, macho yakiwa kwenye mkoba mweusi wa dada yake, kwamba yeye alikuwa mgonjwa, kichwa hakimtulii, na mgonjwa hufuata anachoambiwa. Wazo la kidole halikuwa lake. Mkewe ndiye aliyelileta, akasema atamsaidia, akamshawishi, naye hakuwa na nguvu za kubishana.

Aliyasema yote kwa sauti ile ile tulivu aliyotumia kumwambia mteja kwamba saa yake imebadilishwa betri. Haikutetemeka mahali popote.

Hakimu alimgeukia wifi yake, kidole tayari juu. Mwalimu akasema wasubiri. Akaeleza alichokiona chumbani, na alichoambiwa chumbani na baba kwa kinywa chake: vidonge, soda, siku moja iliyozaa nyingine. Akaeleza pia kwamba yeye mwenyewe alipokuwa anampigia simu kusema chakula ndicho kilichoponya, hakuwa na namba hata moja ya kulinganishia. Alisema tu kwa sababu alitaka iwe hivyo.

"Unamvua baba yako nguo mbele yangu?" Hakimu akauliza.

"Alishamvua mwingine, shangazi. Ninamrudishia mwenyewe nguo zake."

Baba hakukanusha wala kukubali. Alitafuta mahali pa kuweka mikono yake, akakosa saa ya kuishika. Hakimu, aliyekuja na hukumu iliyokwisha kuandaliwa, alifungua mkoba, akaufunga, akasema basi kama ni hivyo hakuna anayefukuzwa, wifi akae, yaishe, watu wasijue.

Mama mdogo alisimama. Aliingia chumbani, akatoka na begi moja na ule mfuko wa nguo anazokwenda nazo kazini. Mzigo ulishafungwa tangu lini, hakuna aliyejua.

"Hakuna aliyekufukuza," Hakimu akarudia.

"Najua, wifi. Gari si limeshalipwa?"

Mwalimu alimfuata mpaka barazani. Alitaka kubeba begi, akanyimwa. Alitaka kuomba msamaha, na maneno yakaja yamepangwa kama hotuba. Mama mdogo aliyakatisha kwa kumtazama tu. Haikuwa hasira. Alikuwa na uso wa mtu aliyepiga pasi shati zima, akageuza, akakuta limeungua upande wa pili.

"Baba yako umempima kwa mashine, binti," alisema. "Mimi ulinipima kwa nini?"

Kwa mara ya kwanza Mwalimu Kwanini aliulizwa swali akakosa hata swali la kurudisha.

Mama mdogo alimwamsha dereva, akapandisha begi. Mguu mmoja ukiwa tayari ndani, akageuka. Alisema kesho wampeleke mzee hospitali, wasingoje siku ya kliniki. Na wautazame mguu wake wa kushoto, katikati ya vidole. Kuna kidonda. Mzee alimkataza asimwambie mtu, na yeye amechoka kumtunzia siri zake.

Gari liliondoka. Mwalimu alirudi sebuleni, akampita shangazi yake, akapiga magoti mbele ya kiti cha baba. Hakuomba ruhusa. Alivua kiatu cha kushoto, kisha soksi, na soksi ilitoka kwa shida, imegandamana mahali. Harufu ilimfikia kabla ya kuona. Alivitenganisha vidole. Kidonda kilikuwa na upana wa sarafu, kingo zimekuwa nyeupe, ndani kuna giza. Alikigusa pembeni, kwanza kwa woga, kisha akabonyeza.

Baba hakuusogeza mguu. Alikuwa anautazama kama vile ni mguu wa mteja.

"Hakiumi, mwanangu," alisema. "Kweli kabisa, hakiumi."

Binti aliinua macho, akausoma uso ule alioujua tangu akiwa chini ya meza. Safari hii baba alikuwa anasema kweli: mguu ulishaacha kuhisi, na ukweli huo ndio uliomfanya aikimbilie simu.